Ndege ya vita iliyozama: uiache chini, utoe kipande, au uinue nzima?

Mwonyeshe mtu yeyote picha ya ndege ya vita imetulia chini ya bahari, bawa moja limefunikwa na mchanga na propela bado iko pale pale, swali lake la kwanza litakuwa "sasa kwa nini hawaitoi?" Ni swali la haki kabisa. Mimi haya mambo nayafuatilia muda mrefu na nayapenda kwa moyo wote, na jibu ninalotoa siku hizi ni kwamba kuitoa ni njia moja tu kati ya tatu, na mara nyingi ndo inayoiua ndege. Unaweza kuiacha ilipo ukaipima na kuipiga picha vizuri, unaweza kutoa kipande kimoja kwa sababu maalumu, au unaweza kuinua yote. Naziweka hizo tatu pamoja hapa na mifano ya kweli, iliyofanikiwa na iliyoharibika, ili yule mwenye kuamua, awe mzamiaji, mtu wa makumbusho, mvuvi ambaye wavu wake umenasa kitu au ofisa aliyeletewa taarifa mezani, ajue anachagua nini.

Kwanza ijulikane ni ndege ipi

Kabla ya kuchagua lolote kuna kazi inatangulia, nayo ni kuitambua ndege yenyewe, na hapa watu wengi huishia njiani. Wanasema "ni Spitfire" au "ni ya Wajerumani" wanaona wamemaliza. Aina peke yake haikusaidii kuamua, unachotakiwa kujua ni ndege ipi kati ya maelfu ya aina hiyo, iliruka siku gani, nani walikuwa ndani, na je walitoka? Hilo la mwisho ndo linabeba uamuzi wote. Ndege ambayo rubani wake aliruka na parachuti akaokolewa, na ndege ambayo kijana wa watu bado yumo kwenye kiti, ni kesi mbili tofauti hata kama zilitoka kiwanda kimoja wiki moja.

Njia za kutambua ni mbili, umbo na namba. Umbo unalisoma bila kugusa kitu. Unahesabu injini, unapima umbali kati ya injini na injini, unahesabu mapanga ya propela, unaangalia kama silinda zimepangwa duara au zimepangwa mistari miwili. Kwenye hizo za mistari miwili kuna alama moja inasaidia sana: Wajerumani injini zao za Daimler-Benz na za Junkers walizifunga kichwa chini, kwa hiyo matundu ya moshi yanakaa chini ubavuni, wakati Merlin ya Waingereza imekaa wima na matundu yake yako juu. Hata pua ikiwa imepondeka hilo bado unaliona. Mabawa yanayoshuka kwanza halafu yakapanda yanaweza kuwa ya Corsair ya Marekani au ya Stuka ya Mjerumani, sasa angalia miguu, ya Stuka haikunjiki hata kidogo, ya Corsair inaingia ndani, na mabawa ya Corsair yenyewe yanakunjwa juu kwa sababu ilikaa kwenye meli za kubeba ndege. Ncha za propela zikiwa zimepinda, uwezekano mkubwa injini ilikuwa bado inazunguka ilipogusa maji.

Lakini umbo lina udhaifu wake, ndege ikivunjika na vipande vikasambaa linaweza kukudanganya vibaya. Mfano ninaourudia kila mara ni wa Antoine de Saint-Exupéry, rubani na mwandishi wa Kifaransa aliyepotea tarehe 31 Julai 1944 akiwa kwenye P-38, ndege ya Kimarekani iliyoandaliwa kwa kupiga picha, aliondoka Corsica asubuhi na hakurudi. Kwa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyejua alipoangukia. Mwaka 1998 mvuvi mmoja wa upande wa Marseille akatoa kwenye wavu bangili ya fedha yenye jina lake. Mwaka 2000 mzamiaji akaripoti mabaki ya P-38 karibu na kisiwa cha Riou, eneo lile lile. Wengine hapo wangeshatangaza, bangili ipo, ndege ya aina ile ipo, kesi imekwisha. Ila P-38 iliyopotea upande ule wa Mediterania haikuwa moja, na pale pale chini ilikutwa pia injini ya ndege ya Kijerumani, yaani mabaki ya watu wawili tofauti yanalala pamoja. Ikabidi wasubiri. Mwaka 2003 vipande vikatolewa kwa kibali, na baada ya kipande kimoja kusafishwa taratibu ikaonekana namba imegongwa kwenye chuma, 2734, na herufi L pembeni yake. Hiyo ni namba ya kiwanda cha Lockheed, na kwenye vitabu vya kiwanda 2734 ni ndege moja tu duniani, ile ambayo jeshi liliipa namba 42-68223, ndo aliyoondoka nayo siku ile. Tangazo likatoka Aprili 2004. Tarakimu nne zikamaliza ubishi wa miaka karibu 60, na bila hizo kila kitu kingine kilikuwa ni kuhisi tu.

Namba zenyewe ziko sehemu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wamarekani ndege ikipotea walijaza ripoti ya watu waliopotea nayo, na humo waliandika hadi serial namba za injini na za bunduki moja moja, kwa hiyo hata bodi yote ikiwa imekwisha, bunduki moja ya Browning yenye namba inayosomeka inaweza kukufikisha kwenye majina ya vijana waliokuwemo. Spitfire vipande vyake vingi vina namba zinazoanza na 300. Wajerumani walipaka herufi ubavuni, mfano 5K+AR, hapo 5K inakwambia ni kikosi cha KG 3, A ndo ndege yenyewe, R ni Staffel ya 7, yaani kikosi kidogo ndani ya kile kikubwa. Ukiwa na hizo unaenda kwenye kumbukumbu za vikosi, tarehe inapatikana, na tarehe ikipatikana watu wanapatikana.

Na tafadhali, namba inachukuliwa kwa picha, haichukuliwi kwa kisu. Ukikuta kibati kimeota ukoko mweupe, ule ukoko mara nyingi ndo umebeba maandishi, chuma chenyewe cha chini kimeshaliwa, ukikwangua unaondoka na namba yote mkononi. Unachofanya unashika tochi kwa ubavu kabisa, mwanga upite juu juu ya kibati ili migongo ya tarakimu itupe kivuli, unaweka rula pembeni, unapiga picha nyingi kila moja mwanga ukitokea upande mwingine. Namba ambayo kwa macho haionekani inajitokeza kwenye picha ya tatu au ya nne. Vipimo vya chumba cha rubani usiviguse kabisa, vingi vilipakwa radiamu ili ving'ae usiku na bado vina mionzi.

Kuhusu vifaa nitasema kifupi. Sona ya pembeni, kifaa kinachochora picha ya chini kwa mawimbi ya sauti, inakuonyesha umbo likiwa juu ya mchanga. Magnetomita inatafuta chuma, na alumini sio kitu chake, kwa hiyo ikilia ujue imesikia injini, bunduki au miguu, bodi inaweza kuwa imelala mita kadhaa pembeni na isiseme kitu.

Maji yenyewe yanaamua nusu ya kesi

Hapa ndo pa kukaa sana, kwa sababu watu wanalinganisha ndege iliyotoka ziwani na iliyotoka baharini kana kwamba ni kitu kimoja. Ndege nyingi za Vita ya Pili ya Dunia zimetengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na shaba kidogo, ambayo ni nyepesi na imara angani lakini kwenye maji ya chumvi ni dhaifu, na ikikutana na bolti za chuma ndani ya maji hayo basi alumini ndo inaliwa ili chuma kipone. Vipande vya magnesiamu, kama rimu za magurudumu na baadhi ya vifuniko vya injini, hivyo vinaondoka kwanza kabisa, unakuta tairi lipo na rimu haipo.

Sasa chini kule, hasa sehemu iliyofukiwa kwenye mchanga ambako oksijeni haifiki, kuoza kunakwenda taratibu sana hadi kunakaribia kusimama. Chumvi imeshaingia ndani ya chuma lakini imetulia. Siku unayoitoa juani, hiyo chumvi inakutana na oksijeni na unyevu wa hewa, na ndani ya chuma inaanza kutengenezeka asidi. Ndani ya wiki unaona vipele, halafu unga mweupe kama wa muhogo unamwagika kwenye viungo, halafu bati linaachana tabaka kwa tabaka. Ndege iliyodumu miaka 70 baharini inaweza kuisha kwa miaka michache nyuma ya karakana ya mtu. Hiyo ndo sababu nasema kuinua kunaua.

Maji baridi yasiyo na chumvi ni hadithi nyingine kabisa. Ziwa Michigan kule Marekani ndo mfano mkubwa, jeshi la majini lilichukua meli mbili za abiria za kuendeshwa na magurudumu ya pembeni, wakazigeuza kuwa viwanja vya kufundishia marubani kutua, zikaitwa USS Wolverine na USS Sable. Maelfu ya marubani walipitia pale, akiwemo George H. W. Bush aliyekuja kuwa rais, na zaidi ya ndege 100 ziliishia ziwani. Moja ni Dauntless yenye namba 2106. Hiyo ilipigana kwenye mapigano ya Midway, Pasifiki, Juni 1942, ikarudi na matundu ya risasi zaidi ya 200, ikapelekwa Michigan kufundishia wanafunzi, Juni 1943 mwanafunzi akaizamisha. Ikainuliwa 1994, ikatengenezwa, na ikawekwa makumbusho ya Pensacola. Fikiria, isingeanguka ziwani ingeuzwa skrepa baada ya vita kama wenzake. Lakini hata huko mambo yamebadilika, kome wa kigeni walioingia Ziwa Michigan sasa wameganda juu ya kila kitu, kwa hiyo zile zilizobaki hazina tena ule usafi wa zamani.

Na sisi tunayo ya kwetu ya kutuonyesha maji yasiyo na chumvi yanavyotunza, japo ni meli. Wajerumani walipoizamisha Graf von Götzen wenyewe karibu na Kigoma Julai 1916, mafundi waliipaka injini grisi nzito kwanza ili isiharibike, Waingereza wakaiibua 1924 na ikarudi kazini 1927 ikiitwa Liemba. Jaribu kufanya hivyo Bahari ya Hindi uone.

Kuiacha ilipo

Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi wa chini ya maji unasema wazi kwamba kuacha kitu mahali pake ndo chaguo la kwanza la kufikiriwa, na unakataza kukichimbua kwa ajili ya biashara. Watu wengine wanachukulia hii kama uvivu au kama serikali kukosa hela. Mimi nimebadilika mtazamo kwa kuangalia kinachotokea kweli.

Angalia Harlech, Wales. P-38 ya Wamarekani ilianguka ufukweni Septemba 1942, rubani akatoka salama, mchanga ukaifunika. Inajitokeza mara moja moja dhoruba ikiondoa mchanga, mwaka 2007 ikaonekana wazi, karibu nzima. Presha ya kuichimbua ilikuwepo. Badala yake ikapimwa, na mwaka 2019 serikali ya Wales ikaiwekea ulinzi wa kisheria kama eneo la urithi, na mahali kamili panafichwa. Mchanga umeitunza bure kuliko makumbusho yoyote ingeweza.

Broome, Australia Magharibi, ni tofauti kidogo na inagusa zaidi. Tarehe 3 Machi 1942 ndege za Japani zilishambulia bandari ile na kuharibu ndege zote 15 za majini zilizokuwa zimeegeshwa, baadhi zikiwa zimejaa wakimbizi wa Kiholanzi, kina mama na watoto waliotoka Java. Mabaki yapo hadi leo, maji yakitoka sana unaweza kutembea kwa miguu ukayafikia. Kuyatoa ungekuwa umepata vyuma, umepoteza mahali. Mtu akisimama pale kwenye tope akaona ndege zilivyojipanga anaelewa kilichotokea bila kuambiwa. Na huko Chuuk, Pasifiki, ambako Wamarekani walishambulia Februari 1944, wazamiaji wanatoka dunia nzima kuangalia meli na ndege za Wajapani pale pale zilipo, wenyeji wanaingiza kipato.

Hasara zipo, sizifichi. Ndege iliyoachwa haiko salama milele, nanga zinaivunja, nyavu za kukokota zinaing'oa mkia, wezi wa kumbukumbu wanabeba usukani na saa. Ukiiacha bila kuipima umeitelekeza tu. Kuiacha kwa maana ninayosema ni kupiga picha mamia au maelfu zenye kupandana, programu inazishona kuwa umbo la pande tatu lenye vipimo sahihi, halafu mnarudi baada ya muda kulinganisha nini kimesogea na nini kimepotea. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kreni, na kikosi kidogo cha wazamiaji waliofunzwa kinaiweza. Kwa kina kinachozidi mita 40 ndo inakuwa kazi ya wazamiaji wa mitungi maalumu, ile B-17 ya pwani ya Vis huko Croatia ipo kama mita 72.

Kutoa kipande

Hii ndo njia inayotumiwa vibaya kuliko zote, na pia ikitumiwa vizuri ndo yenye faida kwa bei nafuu. Vizuri ni kama kwa Saint-Exupéry, kipande kilitolewa kujibu swali moja, hii ni ndege ya nani, kikajibu, na leo kiko makumbusho ya Le Bourget. Au kama Barracuda, ndege ya jeshi la majini la Uingereza, iliyokutwa Solent, kusini mwa Uingereza, wakati wa maandalizi ya kulaza kebo ya umeme ya kwenda Ufaransa. Pale kuiacha haikuwezekana kirahisi kwani iko njiani mwa kazi, mwaka 2019 ikatolewa kwa hatua, na mabaki yakaenda kwa makumbusho ya ndege za jeshi la majini Yeovilton ambako tayari walikuwa wanajenga Barracuda nyingine. Hakuna Barracuda nzima iliyobaki duniani, kwa hiyo kila kiungo kilichotoka kilikuwa kinawafundisha jinsi ya kutengeneza kingine. Hapo kipande kina kazi inayokisubiri.

Vibaya ni pale mtu anapotoa propela kwa sababu inapendeza. Propela ndo kitu cha kwanza kutamaniwa, inaishia getini kwa hoteli, miaka mitano baadaye imetoboka, na yule aliyekuja kuitafuta ndege amekosa ushahidi wa kujua injini ilikuwa inazunguka au la. Nimeona vipande vya namna hii vikipakwa rangi ya mafuta ili "visioze", rangi inafungia chumvi ndani na kuoza kunaendelea chini kwa chini. Kama hujui kipande kinajibu swali gani na kitaishi kwenye tangi la nani, lile la maji la kukitoa chumvi, usikitoe.

Kuinua nzima

Hapa nataka niweke tatu pamoja.

Halifax NA337, ndege kubwa ya Waingereza ya kudondosha mabomu, ya injini nne, ilikuwa imetoka kudondosha vifaa kwa wapiganaji wa siri wa Norway usiku wa Aprili 1945 ikapigwa, ikatua kwenye Ziwa Mjøsa. Kati ya watu sita alipona mmoja, wengine baridi ya maji iliwamaliza. Ilikaa kwenye kina cha mita 230 kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ikainuliwa 1995, ikapelekwa Trenton, Kanada, mafundi wakaifanyia kazi miaka 10 hadi ikakamilika 2005. Hii ndo picha ya kila kitu kwenda sawa, maji mazuri, wamiliki wamekubali, karakana imeandaliwa kabla, na watu wa kujitolea hawakuchoka.

Condor, ndege ya Kijerumani ya Focke-Wulf Fw 200, ilitua majini kwenye fiyodi (ghuba nyembamba ya bahari) ya Trondheim, Norway, Februari 1942. Maji ya chumvi, kina kama mita 60. Ilikuwa ndo pekee ya aina yake ya kueleweka iliyobaki. Mwaka 1999 wakaiinua na ikavunjika vipande wakati inapandishwa. Baada ya hapo mafundi wa makampuni makubwa ya ndege Ujerumani wakaijenga upya kwa zaidi ya miaka 20, ikakamilika 2021. Sasa ukisimama mbele yake unaona ndege nzuri, lakini ni sahihi kujiuliza ni kiasi gani cha kile kilicholala fiyodini kipo kwenye hicho unachokiangalia. Mimi bado naona ilistahili, kwa kuwa hakukuwa na nyingine, ila kama ingekuwa aina ambayo zimebaki 20 ningesema wazi kwamba ilikuwa kosa.

Ya tatu ni Dornier Do 17 ya Wajerumani, ile ya Goodwin Sands, pwani ya Kent, Uingereza. Ilidunguliwa tarehe 26 Agosti 1940, wawili wakatekwa wakiwa hai, wawili wakafa. Sona iliionyesha 2008, imelala mgongo chini, miguu juu, na mchanga ulikuwa unafunua na kufunika. Zilitengenezwa zaidi ya 2,000 na hakuna nyingine iliyobaki karibu nzima, halafu mchanga ulipoanza kuondoka ikawa wazi kuwa itaisha. Makumbusho ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, wakaamua kuinua. Mpango wa kwanza ulikuwa kuijengea fremu chini ya maji iibebe yote, lakini upepo na mikondo viliwala wiki baada ya wiki, fremu ikaachwa, wakafunga kamba sehemu imara na kuivuta tarehe 10 Juni 2013. Ilitoka. Gharama iliyotajwa ilikuwa karibu pauni 600,000, na ninachotaka mtu aone ni kwamba kupanda juu kulikuwa mwanzo tu, kule Cosford, kwenye karakana ya makumbusho hayo, yalishajengwa mahema ya plastiki, mabomba yakainyunyizia maji yenye asidi ya sitriki, ile ile ya kwenye limao, dhaifu sana, mchana na usiku, kulainisha ukoko na kuivuta chumvi kutoka ndani ya chuma. Miaka. Na hawakuitengeneza iwe mpya, wameitunza kama mabaki, imepondeka na imetoboka, na kwangu huo ni uamuzi wa heshima kuliko kuipaka rangi.

Kwa hiyo ukilinganisha hizo tatu, kilichotofautisha sio nguvu za kreni. Ni maji ya mahali zilipolala, na kama mahali pa kuitibu palikuwa tayari kabla ya kamba ya kwanza kufungwa.

Ya nani hii?

Ndege ya jeshi haigeuki kuwa mali ya aliyeiona. Uingereza, sheria ya 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi inalinda moja kwa moja kila ndege iliyoanguka ikiwa kazini kijeshi, kugusa bila leseni ya Wizara ya Ulinzi ni kosa, na leseni ni ngumu kutoka kama kuna uwezekano wa miili au mabomu. Marekani wana sheria yao ya 2004, ndege na meli zao za kijeshi zilizozama zinabaki zao popote zilipo hata ipite karne. Wana pia taasisi ya kutafuta wanajeshi waliopotea, DPAA, na kikundi kama Project Recover kinachofanya kazi ya kutafuta ndege hizi Palau na kwingineko, lengo likiwa watu waliomo, chuma kinakuja baadaye. Ukikuta mfupa, kiatu cha rubani, mkanda wa kiti umefungwa, kazi yako imeishia hapo hapo. Toka, andika mahali, taarifu. Familia iliyopoteza mtoto 1944 bado ina watoto wa ndugu zake wanaosubiri.

Sasa uchague vipi

Kama iko kwenye maji ya chumvi, imetulia, na aina yake zimebaki nyingine makumbusho, iache, ipime, ilinde, usijadili sana. Kama ina watu ndani, iache hadi serikali ya nchi yao iamue, na wakija, wanakuja kuchukua watu. Kama haijatambuliwa na picha zote zimeshindwa, omba kibali cha kipande kimoja chenye nafasi kubwa ya kuwa na namba, injini au bunduki, na tangi liwe limejaa maji kabla hujashuka. Kuinua nzima nitakubali kama ni ya pekee au karibu ya pekee, kitu kinaiharibu pale ilipo na hakizuiliki, mwenye mali amekubali kwa maandishi, na kuna hela ya miaka 10 mbele, hela ya kreni peke yake haitoshi kitu. Maji yasiyo na chumvi yanalegeza masharti hayo kidogo, ila sharti la karakana hayaligusi.

Kwetu huku jambo hili halipo mbali. Rufiji kulitumika ndege za vita mapema kabisa, 1914 na 1915, kuitafuta manowari ya Königsberg iliyojificha deltani, na tarehe 11 Julai 1915 ndege iliyokuwa inaelekeza mizinga ilipigwa ikaangukia mtoni marubani wakiwa bado wanatuma ishara. Vita ya pili Catalina za RAF ziliruka kutoka Kipevu Mombasa na kutoka Dar es Salaam kuwinda nyambizi. Ule mkataba wa UNESCO unahesabu vitu vilivyokaa majini miaka 100 au zaidi, kwa hiyo vya 1915 vimeshaingia, vya vita ya pili vitaanza kuingia kuanzia 2039. Ndege za 1915 zilikuwa mbao na kitambaa, kwa hiyo kwa Rufiji usitegemee kuona mabawa, ni magnetomita na injini ndani ya tope.

Kwa mvuvi au mzamiaji wa pwani ambaye leo wavu umenasa bati lenye riveti: usilazimishe kuvuta, kata wavu ikibidi, chukua GPS ya pale, piga picha ya kilichojitokeza, ipeleke kwa mamlaka, na usimtajie mtu wa skrepa mahali. Kama kipande kimeshapanda kwenye boti, kitumbukize kwenye pipa la maji ya bahari hapo hapo, kifunikwe chote, kisikauke hata kwa saa moja, na kikae humo hadi mtaalamu afike.